Nitaandika Nikipata Nafasi

Ndugu msomaji, naomba nianze na baba yangu, ingawa makala haya si ya msiba.

Baba alikuwa mpimaji wa pamba katika chama cha msingi cha ushirika, upande wa Magu. Msimu wa pamba ulipofika alisimama kwenye mizani tangu asubuhi mpaka giza, anasoma kilo, anaandika stakabadhi, anagombana na huyu na kupatana na yule. Msimu ukiisha alirudi kwenye mahindi na ng'ombe wake. Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa na jambo moja alilotaka kuliandika: habari za kikundi cha kulima cha baba yake, majina ya waimbaji wake, na nyimbo walizoimba mashambani. Alinunua hata kaunta buku kubwa, lile la jalada gumu, akalifunga kwa mfuko wa nailoni na kuliweka juu ya kabati.

"Mama," aliniambia mara nyingi (ndivyo alivyoniita, maana nimerithi jina la mama yake), "hii kazi nitaandika nikipata nafasi. Nikistaafu tu, utaona."

Alistaafu mwaka 2015. Mwaka 2016 tulimzika.

Daftari nilipewa mimi, kwa kuwa eti ndiye "mtu wa kuandika" katika ukoo. Nilipolifungua nilikuta kurasa nne. Ukurasa wa kwanza una kichwa cha habari, kimepigiwa mstari kwa rula mara mbili. Wa pili na wa tatu ina majina kumi na moja ya watu. Wa nne unaanza hivi: "Wimbo wa kwanza ambao nakumbuka ulikuwa". Basi. Hapo ndipo kalamu ilipoishia. Kurasa zilizobaki ni nyeupe pe.

Sikulia siku ya maziko kama nilivyolia kwa ajili ya sentensi ile.

Sasa nije kwangu mwenyewe. Mimi ni karani wa ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kama hupajui Mwaloni, fikiri soko linalokaa mdomoni mwa ziwa. Maboti yanaingia kutoka Ukerewe, Ukara, Goziba na visiwa vingine, yamejaa magunia. Wanunuzi wanatoka mikoani, wengine Kongo, Rwanda, Burundi na Zambia. Wachukuzi wanapita mbio na mizigo mabegani wakipiga kelele za kuomba njia, nawe karani umekaa na kitabu chako unahesabu gunia zilizoingia, zilizotoka, nani kalipa, nani kakopa. Naamka saa kumi alfajiri, naandaa watoto wawili, naunganisha daladala mbili kutoka Igoma. Narudi saa moja usiku. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, naye anarudi kachoka kuliko mimi. Baada ya chakula na madaftari ya watoto, macho yananata kama yamepakwa gundi.

Zamani kidogo tulikuwa na kikundi cha waandishi vijana. Tulikuwa tisa, tunakutana Jumapili mchana karibu na uwanja wa Nyamagana, tunasomeana hadithi na mashairi, tunachekana na kusahihishana. Tukawa saba, tukawa watano, tukabaki wanne. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Kila aliyeondoka alisema maneno yale yale: nafasi hamna. Nami siku moja nikajisikia nikimwambia mhariri wa gazeti hili, aliyekuwa ananidai makala kwa miaka miwili, "Usijali kaka, nitaandika nikipata nafasi." Nilipokata simu nikakumbuka nimeyasikia wapi maneno yale. Mwili ulinisisimka.

Ndipo nikaanza kujiuliza swali linalonifanya niandike leo. Waliotutangulia kwenye ukingo huu wa ziwa, walioacha vitabu na nyimbo, wao nafasi waliipata wapi? Maana haikuwa nchi ya watu waliokaa bure.

Nianze na mzee wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa kile. Alisomeshwa na mapadre katika misheni ya Kagunguli, kisha akavushwa hadi seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako miaka mingi alifundishwa Kilatini, Kijerumani na elimu ya dini. Upadre hakuupata. Alirudi kwao, akamwoa Anna Katura, na watoto waliowapata hawakubahatika kuwaona wakikua. Alifundisha dini. Alikuwa mwajiriwa wa mfanyabiashara mmoja Mtaliani, mpaka Vita Kuu ya Pili ilipoikata kazi hiyo. Akarudi kisiwani kufanya kazi za misheni, hasa kufasiri maandiko ya dini kwa Kikerewe na kukusanya habari za mila na hadithi za wazee.

Ndani ya maisha hayo ya kuajiriwa, kufiwa na kurudi nyumbani kuanza upya, aliandika riwaya. Aliimaliza Februari 1945, vita ikiwa bado haijaisha. Ni habari ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa wa zamani kabla ya utawala wa wageni, waliokosa mtoto kwa muda mrefu, wakachekwa na ndugu, wakatenganishwa na wakwe, wasikubali kuachana. Ndani yake mna jinsi ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe ya ndizi, kusalimiana, kutibu, kuzika. Kitabu kilipokuja kuchapishwa kwa Kiswahili kilizidi kurasa 600.

Kurasa 600, msomaji! Na mtu mwenyewe alikuwa mwajiriwa kama wewe na mimi.

Nilikwenda kisiwani mara moja, kwa meli ya Nansio, safari ya kama saa tatu, nikiwa nimepeleka hesabu za ghala kwa mteja. Njiani nilikuwa nafikiri jambo hili. Naona siri moja ya Kitereza ni kwamba kazi ya mchana na kazi ya moyo wake hazikuwa mbali. Mchana anatafuta neno la Kikerewe la kufasiri sala au somo, jioni neno lile lile na wenzake yanaingia katika mazungumzo ya Myombekere na jirani zake. Mchana anamhoji mzee kuhusu mila kwa ajili ya misheni, jioni mzee yule anakuwa mtu ndani ya riwaya. Hakusubiri kazi imwachie nafasi. Aliibia humo humo, na wizi wa namna hiyo hauna mashtaka.

Lakini tusimfanye kuwa mfano wa kuchekelea tu, kwa sababu yaliyomfika baadaye yanauma. Kwa Kikerewe hakupatikana wa kukichapisha. Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyekipenda kitabu na kumtia moyo mwandishi, alianza kukifasiri kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kumaliza. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, wakitafiti historia na muziki wa Wakerewe. Wakaona kazi ile, wakamshauri aigeuze kwa Kiswahili. Kitereza alikuwa amevuka miaka 70. Akakaa chini akaifasiri mwenyewe, yote, tangu neno la kwanza. We fikiria: umeandika kitabu kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kushika, kimelala miaka ishirini na zaidi, mwili umechakaa, halafu unaambiwa uanze tena kwa lugha nyingine. Akaanza tena.

Tanzania Publishing House walikitoa mwaka 1980, na uchapaji ulifanyika China. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 tangu alipoweka nukta ya mwisho. Leo kipo kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza tangu mwaka 2002 kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe. Mwenyewe hakukipapasa hata jalada.

Kutoka kwake nimejifunza kutochanganya mambo mawili. Muda wa kuandika ulikuwa mikononi mwake, akautumia. Muda wa kuchapishwa ulikuwa mikononi mwa wengine, nao walichukua miaka 35. Sisi kwenye kikundi chetu tulikuwa tunachanganya: "Niandike ili nani achapishe?" Tungemuuliza Kitereza swali hilo mwaka 1945, angetujibu nini? Kitabu alikuwa nacho sandukuni.

Hapa wenzangu wa kike mniruhusu niseme jambo. Ninaposoma habari za wanaume walioandika baada ya kazi, huwa najiuliza nani alichota maji jioni hiyo. Nani aliwasha moto. Simlaumu mtu, na ndoa ya Kitereza na Anna ilidumu katika huzuni ambayo ingezivunja nyingi. Ila nasema hivi kwa sababu ukimwambia mama mwenye watoto watatu, "Amka saa tisa usiku uandike, Kitereza aliweza," utakuwa umemdanganya. Saa tisa usiku yeye keshaamka, na mikono yake haijawa tupu.

Bibi yangu mzaa mama, Mkerewe halisi, hakujua kusoma. Hadithi zake zote alizisimulia usiku tukimenya karanga au kuchambua mchele. Mchana alitukataza hata kuomba hadithi. Eti anayesimulia mchana ataota mkia. Tukiwa watoto tuliogopa mkia, siku hizi naona alikuwa na akili. Mchana alikuwa na shamba, na usiku mikono ilikuwa na karanga lakini mdomo ulikuwa huru. Aliipanga sanaa yake mahali ambapo kazi haikuweza kuifikia.

Mtu mwingine wa kisiwa kile ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Alipita seminari ya Nyegezi, hapa hapa pembeni ya Mwanza, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hesabu vitabu vyake: Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji na Kichomi mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Gamba la Nyoka mwaka 1979. Vitano katika miaka tisa, na miaka hiyo hiyo alikuwa anafundisha na anasomea shahada ya pili. Tena katika shahada hiyo alimchunguza nani? Shaaban Robert, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa karani wa serikali, tangu forodhani Pangani mwaka 1926, na ambaye tungesema naye nafasi hakuwa nayo.

Kwa hiyo riwaya na ushairi wa Kiswahili tunaousoma mashuleni umeandikwa kwa sehemu kubwa na makarani, makatekista na walimu. Nilipoligundua hilo nilifurahi kidogo. Karani ni mimi.

Lakini baba yangu hakutaka kuandika riwaya. Alitaka kuandika nyimbo za shamba, na hapo ndipo nilipopata jibu ambalo sikulitegemea.

Wasukuma, watu wa baba, wana historia ndefu ya kutunga ndani ya kazi. Katika karne ya 19 vijana wao na wa Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara hadi pwani, na walikuwa na nyimbo za njiani. Wawinda nungunungu walikuwa na chama chao na nyimbo zao. Wacheza na nyoka, bayeye, walikuwa na zao. Wakulima nao walilima kwa zamu katika vikundi vya vijana, chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, wakienda shamba la huyu leo na la yule kesho, ngoma zikipigwa pembeni na mwimbaji akiwaongoza. Jembe linapanda na kushuka kwa mdundo. Humo ndimo ilimotoka bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo siku hizi tunaiona jukwaani kwenye sherehe, wachezaji wakirusha majembe juu na kuyadaka. Pamba ilipopanuka sana katika nchi ya Wasukuma baada ya Vita Kuu ya Pili, vikundi hivi vilipata kazi nyingi zaidi, na nyimbo zikaongezeka. Mtafiti mmoja wa Marekani, Frank Gunderson, alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa mamia, na kitabu chake kilitoka mwaka 2010. Nasikitika baba hakukiona. Angeona kwamba jambo alilolihifadhi juu ya kabati, mtu wa mbali aliliona kuwa linastahili miaka ya kazi.

Na mashamba yakishavunwa, msimu wa kushindana unaingia. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hupambana kuona nani atavuta watu wengi zaidi. Pale Bujora, Kisesa, kilomita chache kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, Padre David Clement alianza kazi ya kuhifadhi utamaduni wa Wasukuma miaka ya 1950, na sikukuu ya Bulabo inayofanyika huko kila Juni bado inakutanisha ngoma hizo.

Hawa watu hawakuwa na saa ya ziada kwa siku. Walikuwa na mwaka. Mvua zikinyesha, utunzi unafanyika huku jembe linapiga. Mavuno yakiisha, utunzi unatolewa hadharani na kushindanishwa. Hakuna aliyemwambia mkulima wa Machi, katikati ya palizi, kwamba ni mvivu kwa kuwa hachezi ngoma siku nzima. Zamu yake ya kucheza ilikuwa inajulikana, inakuja.

Tusizipambe nyimbo hizo kupita kiasi. Mwenye shamba aliyaita makundi hayo kwa kuwa ngoma ilifanya watu walime zaidi na kuchoka wakiwa hawajijui. Wimbo ulikuwa raha, na ulikuwa mjeledi pia. Hili sikulisoma kitabuni. Nililisikia kwa mzee mmoja.

Mwaka 2023 nilichukua yale majina kumi na moja ya kwenye daftari, nikauliza ndugu wa Magu nani yu hai. Mmoja tu. Nikapanda basi asubuhi na mapema. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya mwanawe, jicho moja haliona, amejifunika shuka ingawa jua lilishatoka.

"Mwangaluka, babu," nilimsalimu kwa Kisukuma changu cha kubahatisha.

Akaitikia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia jina la babu yangu alinishika mkono asiuachie. Nikamwonyesha daftari, nikamsomea majina. Kila jina alilitolea maelezo: huyu alikuwa mpiga ngoma, huyu alikuwa mvivu lakini sauti yake, acha kabisa, huyu alifia Shinyanga. Alipofika kwenye jina lake alicheka, akasema, "Huyu bado anasumbua watu."

Nikamwuliza lile swali langu. Babu, nyimbo zote zile mlizitunga saa ngapi? Nafasi mliipata wapi?

"Nafasi?" alishangaa kweli, kama nimemwuliza habari za nchi asiyoijua. "Nani alikuwa na nafasi, mjukuu wangu? Ukiwa na nafasi unalala. Mimi nilitunga kwenye tuta. Ngoma inapiga, jembe linashuka, neno linakuja. Likija nalishika, narudia mpaka mwisho wa tuta, lisipotee. Nikifika mwisho, wenzangu wamelipokea. Wakishalipokea halipotei tena."

Kisha akaongeza, bila mimi kumwuliza, "Na mgongo bado unaniuma kwa nyimbo hizo."

Nilimwonyesha ukurasa wa nne. Nilitaka anikamilishie sentensi ya baba. Wimbo wa kwanza ambao baba aliukumbuka ulikuwa upi? Mzee alifikiri muda mrefu. Akaniimbia mmoja, polepole, akisema baba alikuwa mtoto mdogo walipouimba. Halafu akatikisa kichwa, akasema labda sio huo, labda ni ule wa mwaka wa njaa. Akaimba na huo. Baadaye, nikiwa nimeshaaga, akaniita nirudi, akaimba wa tatu. Upi hasa, hakujua. Aliyejua alikuwa baba peke yake, na alikuwa anasubiri kustaafu.

Niliporudi Mwanza nilikuwa na nyimbo tatu kwenye simu na aibu moja moyoni. Miezi miwili nyimbo zile zilikaa kwenye simu bila kuandikwa. Unajua kwa nini? Nilikosa nafasi.

Hapo sasa dagaa ndio walionifundisha. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Samaki hufuata mwanga, nyavu zinawazoa. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi mna kipindi cha mbalamwezi, kama wiki moja hadi siku kumi, ambapo wavuvi wengi hawaingii ziwani. Wanashona nyavu, wanakarabati mitumbwi, wanarudi kuona familia. Siku chache baadaye ukimya huo unafika Mwaloni. Magunia yanapungua. Karani anakaa na kitabu chake hakina cha kuandikwa.

Nimefanya kazi pale miaka mingi, na siku hizo zote nilizimaliza nikichezea simu na kupiga soga. Nilikuwa nazihesabu kuwa siku mbaya, maana biashara imelala. Kumbe kila mwezi ziwa lilikuwa linanipa msimu wangu wa baada ya mavuno, nami naudharau kwa sababu haukuja na jina la likizo.

Nisiseme uongo, mbalamwezi sio neema kwa kila mtu. Mchukuzi anayelipwa kwa gunia anakaa na njaa. Akina mama wanaoanika dagaa wanahamia kusuka nywele na kuuza ndizi za kuchoma ili jioni wapate unga. Mimi mshahara wangu ni wa mwezi, mdogo lakini upo, na ndiyo maana naweza kuzitumia siku zile kuandika. Kila nafasi imesimama juu ya kitu. Aliyenayo afadhali ajue imesimama juu ya nini, kisha asiichezee.

Sasa nafanya hivi. Giza likiwa giza, simjaribu Mungu, siandiki. Nina kijitabu kidogo nyuma ya kitabu cha hesabu, na neno likija katikati ya magunia nalishika humo kama yule mzee alivyolishika mpaka mwisho wa tuta. Neno moja, au nusu sentensi ya mchukuzi. Mbalamwezi ikiingia, nakaa pale pale ghalani, meza ile ile, nayafungua. Kikundi chetu nacho tumekihamisha. Hatukutani tena kila Jumapili, maana kila Jumapili ni ahadi ya watu wasio na kazi. Tunakutana mara moja kwa mwezi, Jumapili ya mbalamwezi. Mwezi uliopita tulikuwa sita.

Makala haya yamechukua mbalamwezi tatu. Katika ile ya kwanza sikuandika makala kabisa. Nilichukua kaunta buku la baba, nikafungua ukurasa wa nne, na chini ya sentensi yake nikaandika ya kwangu: kwamba hatujui ulikuwa upi, ila mzee aliye hai anasema ni mmoja kati ya hii mitatu. Kisha nikaiandika yote mitatu, Kisukuma upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mwandiko wangu ni mbaya kuliko wake. Rula sikupiga.

Ukurasa wa tano umejaa, na wa sita umefika katikati. Wavuvi wanarudi ziwani Jumatatu, kwa hiyo ndugu msomaji nakomea hapa.